Gobore la Babu: Nani Alituchagulia Bunduki ya Bei Nafuu?

Babu mzaa baba alikuwa na gobore. Lilichomekwa kwenye boriti za tembe lake, upande wa magharibi wa Dodoma, mahali ambapo moshi wa jikoni ulilipaka weusi mwaka baada ya mwaka. Sisi wajukuu tuliokwenda likizo tulikatazwa kuligusa, na kwa sababu hiyo tulilijua kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Kitako kilikuwa cha mninga. Mtutu, ukiutazama vizuri, ulikuwa bomba la maji. Mtambo ndio uliokuwa mzee kuliko vyote, chuma chenye alama ya taji iliyosuguliwa na vidole vya watu wengi mpaka ikabaki kama kivuli.

Nikiwa kidato cha pili nilimuuliza kwa nini hakutafuta bunduki ya maana. Gobore linapiga mara moja tu, halafu mwindaji anasimama palepale akishindilia upya, na swala keshafika Singida. Babu akacheka. "Kwani mimi nilichagua?" akasema, akaendelea kusokota kamba yake.

Niliona ni jibu la mzee aliyechoshwa na maswali. Miaka ikapita, babu akafariki, na gobore likabaki kwenye boriti bila mwenyewe na bila karatasi. Kisha bibi akanipigia simu. Ilikuwa katika kimojawapo cha vile vipindi ambavyo Wizara ya Mambo ya Ndani hutangaza kwamba anayemiliki silaha isivyo halali aisalimishe kwa hiari, hatashtakiwa. Baba mdogo hakutaka hata kusikia. Nguruwe pori wanamaliza mtama, alisema, na tembo nao wameanza kuonekana mashambani. Gobore angalau lina kishindo. Bibi alikuwa katikati. "Wewe ndiye mwenye shule, na kazi yako ni kuulizauliza watu," akaniambia. "Haya, niambie. Tulitoe au tulifiche?"

Sikuwa na jibu. Nikafanya ninachofanya siku zote nikikosa jibu, nikaenda kusoma. Nilitaka kujua jambo moja dogo: kwa nini mtu wa nyanda hizi za kati, akitaka bunduki ya kuwindia anayoimudu, huishia kwenye gobore? Nilidhani nitakuta habari za bei. Nilichokuta ni habari za nani alikuwa na haki ya kuamua.

Kabla ya kishindo

Tuanze mahali ambapo bunduki haipo. Ukitoka Dodoma kwenda Kondoa, ukafika Kolo na kupanda miamba, utaona michoro ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, mchoro kwa mchoro. Kuna pofu, kuna twiga, kuna tembo, na kuna watu wembamba, baadhi yao wana pinde. Watu wa eneo hilo, Wasandawe hasa, waliendelea kuwinda kwa upinde mpaka juzi tu kihistoria. Wagogo, ambao ni wafugaji na wakulima kwanza, waliwinda kwa mkuki, mshale na mbwa.

Hebu tufikirie upinde kama mtu anayechagua silaha dukani. Hauna gharama ila mti, kano na muda wa fundi. Haupigi kelele, kwa hiyo ukikosa paa wa kwanza, wa pili hajui kama kuna mtu. Mshale ukianguka unaokotwa. Mvua ikinyesha, unafanya kazi. Gobore linashindwa karibu katika kila moja ya hayo. Linataka baruti, na baruti ikilowa kazi imekwisha. Moshi wake unamziba macho mpigaji mwenyewe. Risasi yake ya duara, ikitoka kwenye mtutu usio na mifereji ndani, haina uhakika na njia yake. Inabidi umsogelee mnyama mpaka uone kope zake.

Basi kwa nini watu walilitaka? Jibu ni kwamba hawakulitaka kwa ajili ya swala. Walilitaka kwa ajili ya tembo na kwa ajili ya binadamu wenzao.

Ugogo, mlango wa bara

Hata jina la mji wetu lina tembo ndani. Wenyeji wanasimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji, akazama kwenye tope, watu wakasema "Idodomya", amezama. Naipenda hadithi hiyo kwa sababu tembo wake hakuuawa na mtu yeyote. Lakini karne ya 19 tembo wengi hawakuwa na bahati ya kufa kwa tope. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo. Msafiri alitoka Mpwapwa, akavuka nyika isiyo na maji ya Marenga Mkali, akaingia Mvumi akiwa na kiu na bila ujanja. Hapo watemi walimngoja na hongo. Burton alipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote wawili walilalamika kwenye vitabu vyao kama watu walioporwa. Ukiwasoma wasafiri wetu wenyewe, Tippu Tip katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, au Sleman bin Mwenye Chande katika "Safari za Wasuaheli" iliyochapwa mwaka 1901, unaona njia hiyohiyo kwa jicho la mfanyabiashara. Hongo kwao ilikuwa gharama ya safari, kama sisi na mizani ya malori.

Pembe zilishuka pwani, nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki zikapanda bara. Bunduki gani? Hapa ndipo nilipoanza kumwelewa babu.

Katikati ya karne ile majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha silaha. Mwaka 1866 Waprusia waliwashinda Waaustria huko Königgrätz wakiwa na bunduki zinazojazwa nyuma, na kila serikali ikaona somo. Uingereza ilianza kutumia Snider mwaka huohuo wa 1866, kisha Martini-Henry mwaka 1871. Sasa bunduki za zamani za kushindilia, malaki kwa malaki, ziende wapi? Zikauzwa. Viwanda vya Liège, Ubelgiji, navyo vilikuwa vikitengeneza bunduki duni za kuuza Afrika tu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba kati ya bunduki 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipitia huko kila mwaka kuelekea bara.

Kwa hiyo unafuu wa gobore la mwanzo haukutokana na huruma ya muuzaji. Lilikuwa mtumba. Kabla ya nguo za mitumba, kabla ya magari yaliyokwisha kutumika Japani, tulikuwa na bunduki ambazo wenyewe walikuwa wamezichoka.

Lugha yetu ilihifadhi zote. Kuna bunduki ya gumegume, iliyowashwa kwa jiwe. Kuna fataki, kile kikofia kidogo kilichochukua nafasi ya jiwe. Kuna mdeki, ufito wa kushindilia baruti. Kuna marisawa, vipande vidogo vidogo vya risasi. Leo mitaani ukisikia dada analalamika kwamba kaolewa na mwanaume gumegume, ujue neno alilotumia liliwahi kuwa jina la bunduki: kishindo kingi, matokeo hafifu.

Juni na Julai, 1890

Kuna wiki chache za mwaka 1890 ambazo nadhani kila mtu wa Dodoma angepaswa kufundishwa shuleni. Mwezi Juni, Carl Peters, yule Mjerumani wa mikataba ya ulaghai, alikuwa akirudi kutoka Uganda kupitia Ugogo. Alipigana na watu wa mtemi Makenge. Wagogo walikuwa na mikuki, mishale na bunduki za kushindilia. Peters na askari wake walikuwa na raifoli za kisasa. Alichoma nyumba, akachukua ng'ombe, kisha akaandika kitabu akijisifu. Mwezi huohuo alifika Mpwapwa akakutana na Emin Pasha.

Julai 2, mwaka huohuo, wajumbe wa mataifa walitia saini Mkataba Mkuu wa Brussels. Lengo lake lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na tuseme kweli, bunduki ndizo zilizokuwa zikiilisha biashara hiyo. Vijiji viliteketezwa kwa magobore hayohayo. Sitaki kusimulia kana kwamba kuzuia silaha lilikuwa wazo la watu wabaya tu. Lakini tazama jinsi mkataba ulivyozuia. Ulichora mistari miwili kwenye ramani ya Afrika, mmoja digrii 20 kaskazini ya Ikweta na mwingine digrii 22 kusini, ukasema katikati ya mistari hiyo silaha za moto haziingii, hasa raifoli na zile zilizoboreshwa. Kisha ukaacha upenyo: serikali za kikoloni zingeweza kuruhusu bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Dodoma iko takribani digrii 6 kusini. Yaani tumo katikati kabisa ya ukanda ule.

Nilisoma kipengele hicho usiku, nikacheka peke yangu kama babu. Kumbe swali langu la kidato cha pili lilikuwa limejibiwa Ubelgiji mwaka 1890. Mwafrika akitaka bunduki, achukue ile ambayo haiwezi kumshinda mwenye raifoli. Iwe ya kutosha kumfukuza nyani, isiwe ya kutosha kumfukuza Peters.

Leseni, njaa na bomba la maji

Wajerumani walijenga vituo vyao Mpwapwa na Kilimatinde. Mwaka 1896 Gavana Wissmann alitoa amri ya wanyama iliyoweka leseni za kuwinda na kutenga hifadhi za kwanza. Baada ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 walizidi kukusanya bunduki kutoka kwa wenyeji. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu mazingira na uchumi wa Afrika Mashariki, alieleza jinsi magonjwa ya mifugo, vita na utawala wa kikoloni vilivyowanyang'anya watu uwezo wa kuizuia pori. Nyika ikasogea, wanyama wakasogea nayo. Baba mdogo hajasoma Kjekshus, ila anamjua vizuri sana kila nguruwe wanapoingia shambani.

Waingereza walipokuja waliandika sheria za wanyama mwaka 1921, 1940 na 1951, kila moja ikiwa na masharti yake ya leseni. Raifoli ilibaki kwa kawaida chombo cha ofisa, mlowezi na mgeni wa safari. Gobore likabaki la kwetu. Mzungu aliyewinda kwa raifoli aliitwa mwanaspoti. Mgogo aliyewinda kwa gobore bila karatasi aliitwa jangili. Nyama ilikuwa ileile.

Katika ukoo wetu, gobore liliingia baada ya Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920, wakati majeshi ya vita vya kwanza yalipokuwa yamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Baba yake babu alilipata kwa mtamba mmoja kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Mtamba mmoja baada ya Mtunya! Ng'ombe walikuwa wachache, na kila jike lilikuwa tumaini la kuanza upya. Bibi anasema wanaukoo walimtukana kwa miaka. Aliwajibu kwamba mtamba akifa kwa njaa hutapata kitu, lakini gobore likikupatia digidigi wawili kwa mwezi, watoto watafika mavuno. Huo ndio uchaguzi pekee ambao naweza kuuita uchaguzi katika habari hii yote: kati ya ng'ombe na bunduki, si kati ya bunduki na bunduki.

Mtutu wa kwanza ulipasuka siku moja, miaka ya hamsini, na kumwachia babu kovu kwenye shavu. Fundi wa kijiji cha jirani akafunga bomba mahali pake. Ndivyo yalivyo magobore mengi ya bara: mtambo mzee, mtutu kijana, kitako cha mti wowote mgumu ulioko karibu. Wakati wa Operesheni Dodoma, mwaka 1971, familia ilipohamishiwa kijiji cha ujamaa, babu alilibeba akiwa amelifunga ndani ya mkeka. Tembe la zamani lilibomoka. Gobore likapata boriti mpya.

Hapa niseme kitu ambacho wapenzi wa bunduki za zamani hawapendi kukisema. Unafuu wa gobore hulipwa na mnyama. Babu mwenyewe alinisimulia habari za tandala aliyempiga ubavuni jioni, akamfuata kwa damu mpaka giza, akamkuta siku ya pili fisi wameshakula nusu. Aliongea habari hiyo kwa aibu, si kwa majigambo. Raifoli nzuri mikononi mwa mtu aliyefunzwa humwangusha mnyama kwa risasi moja. Ukimpa mtu silaha duni kwa makusudi, halafu ukamwita katili kwa sababu anajeruhi, umemfunga kamba miguu ukamcheka kwa kuchechemea.

Na leo?

Uhuru haukulibadilisha sana swali la bei. Sheria ya wanyamapori ya 1974, kisha ile Na. 5 ya 2009, zimeendelea kutaka leseni kwa kila anayewinda, na zimekataza sumu, mitego na mashimo, yaani sehemu kubwa ya maarifa ya babu zetu. Umiliki wa silaha uko chini ya sheria ya mwaka 2015. Rafiki yangu mmoja, mfanyabiashara wa hapa mjini, alitaka bunduki halali ya kuwindia. Aliniambia bei ya dukani ndiyo iliyokuwa sehemu rahisi. Maombi huanzia serikali ya mtaa, yakapanda kwa kamati za ulinzi na usalama, na kila ngazi ina maswali yake. Ukishapata bunduki, kuna leseni ya kuwinda, kuna kitalu, kuna gari la kukufikisha huko. Mtu mwenye heka tatu za mtama hawezi hata kuanza.

Sisemi mlango ufunguliwe wazi. Tumeona ujangili ulivyowamaliza tembo, na tumeona Operesheni Uhai ya 1989 ilivyohitajika. Lakini tumeona pia Operesheni Tokomeza ya 2013. Desemba mwaka ule ripoti ya kamati ya Bunge ilisomwa hapahapa Dodoma, ikieleza mateso, vifo na mali za wananchi zilizoharibiwa, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Mwanakijiji mwenye gobore na mtandao wenye silaha za kivita walikuwa wametiwa kwenye kapu moja.

Ukimsoma Mathias Mnyampala, mwana wa Ihumwa, mshairi aliyeandika "Historia, Mila na Desturi za Wagogo" mwaka 1954, unaona alivyochukua jukumu la kuiandika Ugogo kabla wengine hawajamaliza kuiandika wao. Nadhani vitu vya nyumbani navyo vinahitaji mwandishi wa aina hiyo. Gobore si fahari. Halikutukomboa. Ila ni hati, na imeandikwa na Liège, na Brussels, na Kilimatinde, na fundi wa bomba.

Nikampigia bibi. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari zote hizi, mistari ya ramani na kadhalika. Alinisikiliza kama dakika tano. Kisha akasema, "Kwa hiyo na wao walijua kwamba halifai."

"Ndiyo, bibi."

"Basi na tuwarudishie."

Tulikwenda naye kituo kimoja cha polisi, gobore likiwa ndani ya mkeka, baba mdogo akiwa amenuna kiti cha mbele. Kijana wa zamu alimsalimia bibi "Mbukwa" kwa heshima, akalipokea kwa mikono miwili, akaanza kujaza fomu. Aina ya silaha: gobore. Nchi lilikotengenezwa: akaligeuza, akatafuta, akatutazama. Bibi akamwonyesha ile taji iliyofutika kwenye mtambo, halafu bomba, halafu mninga. Kijana akafikiri kidogo, akaiacha nafasi hiyo wazi.

Nguruwe bado wanaingia shambani. Baba mdogo siku hizi analala kwenye dungu na debe tupu la mafuta ya kula, na analipiga usiku kucha.